Mbwa Aliyesemeshwa Kiswahili

Jumamosi, tarehe kumi na sita Agosti. Upepo wa Mwera umevuma tangu alfajiri, ziwa likachafuka, mchanga ukawa unaingia mpaka kwenye unga. Jua lilikuwepo, lakini lilikuwa la kutazama tu, halikumpasha mtu joto mpaka asubuhi ilipokwisha.

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo huenda nitakosea mahali. Mimi niliishia darasa la saba, na nikikasirika maneno hukimbia mbele ya mkono. Nitajaribu kuyaweka kama yalivyokuwa, na pale mgeni wetu alipokuwa na haki nitasema alikuwa na haki.

Hapa Matema tuna kipande cha ufukwe ambacho mume wangu alikisafisha ili watu wa mjini waje kupiga mahema. Hatuna vyumba kama wenzetu. Tuna vyoo, bomba, banda la nyasi la kupikia, na mchanga wenyewe. Wengi wanaokuja ni watumishi waliohamishiwa Kyela kutoka mikoa mingine, wanataka kulala nje kidogo, wachome nyama, watazame maji. Miaka hii ya karibuni wameanza kuja na mbwa. Mwanzoni tulishangaa, mbwa kupandishwa kwenye gari la kiyoyozi ili aletwe kuona ziwa, lakini tukazoea. Hema lao, mbwa wao.

Na sisi tunaye mbwa. Ni jike, mwekundu wa kawaida, sikio moja limelala. Nilimtoa Bujonde nyumbani kwa mama yangu, wiki ile tuliyomzika. Ndugu zangu walikuwa wanagawana vyombo na vitenge, mimi niliyeolewa mbali nikasema nitachukua kile kitoto cha mbwa kilichokuwa kikilala mlangoni kwake. Nikakibeba kwenye kikapu, watu wakacheka. Kwa hiyo mtu akisema “si mbwa tu”, mimi neno hilo haliniingii vizuri. Usiku analala katikati ya mahema ya wageni, na hakuna mgeni wetu aliyewahi kuibiwa hata kijiko. Wenyewe humsifu. Huyu wa jana pia alimsifu, alimwita mlinzi.

Mgeni huyu alifika jana Ijumaa na mke wake na mbwa wawili wakubwa, weusi, wana mikanda ya ngozi shingoni. Ni mtumishi wa pale wilayani, si mtu wa huku. Alipomaliza kusimamisha hema alinifuata jikoni, akanisalimia vizuri, akasema, “Mama, hawa wangu hawali ugali. Naomba uwachemshie wali na vipande vya nyama.” Nikauliza kama ni wali huu huu wa Kyela. Akasema ndiyo, ndio waliouzoea. Nilichemsha, harufu ikatoka, nikawa nafikiria watu wa Busale wanavyoinama kwenye maji kupanda mpunga ule. Lakini kwa haki, mchele alileta mwenyewe, na sufuria aliisugua mwenyewe kwa mchanga mpaka ikang’aa, jambo ambalo mume wangu hajalifanya tangu anioe.

Sasa asubuhi ya leo. Mume wangu hakuwepo, alikuwa amekwenda Busale kwa mjomba wake kufuata mpunga. Jirani yetu mfinyanzi, mama wa Kikisi ambaye vyungu vyake vinauzwa mpaka Kyela mjini, alikuwa ameanika vyungu vibichi upande wetu, nyuma ya uzio wetu wa matete. Mwera ukikipiga chungu kibichi unakikausha haraka kinapasuka, na uzio wetu unakinga upepo. Alikuwa ameomba, tukamkubalia. Ilikuwa bado kuvichoma tu, gulio liko karibu.

Nilichukua ndoo kwenda ziwani. Mtumbwi wa baba mkwe ulikuwa umevutwa mchangani, nyavu zake zimetandazwa juu, sindano ya kushonea ikining’inia kwenye uzi. Yeye haonekani. Nikajua yuko nyuma ya mtumbwi, amelala chini, ananikwepa.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa kwingine atadhani tumegombana. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamwiti, hasemi naye, na hapiti alipo. Naye vile vile ananikwepa mimi, ni heshima ya pande zote. Vijana wa siku hizi wanaiacha, na mjini nasikia wanakula meza moja. Kwa mume wangu bado tunaishika. Mwaka fulani mzee alipiga simu ya mwanawe, nikapokea mimi bila kutazama. Niliposema haloo akanyamaza, nikajua ni yeye, nikanyamaza. Tulisikilizana tunavyopumua mpaka simu ikakatika.

Basi nikafanya kama inavyotakiwa. Nikavuta kanga usoni, nikageuza uso kwenye milima, nikapita mbali, upande wa uzio. Ndiyo sababu nilikuwa karibu na vyungu.

Mgeni alikuwa amewafungua mbwa wake wanyooshe miguu, halafu akarudi kwenye chai yake nyuma ya hema. Kunguru akatua juu ya chungu. Wale wawili wakamwona. Walikuja kama gari lililokatika breki, wakapita katikati ya vyungu kwenda, kunguru akaruka, wakageuka wakapita tena kurudi. Vyungu vibichi havitoi sauti vinapovunjika, vinakaa tu chini kama mtu aliyechoka. Nilipiga kelele. Mbwa wetu akaja mbio kutoka bandani, akiwabwekea, na mguu wake wa nyuma ukakanyaga chungu kidogo cha mboga kilichokuwa pembeni. Hicho alikivunja yeye, niliona. Wale wengine wakaingia ziwani wakaogelea. Wetu anaogopa mawimbi, akabaki pale, udongo umemganda mpaka magotini.

Unaona ilivyokaa. Watu walipofika walikuta mbwa mmoja mchafu katikati ya vyungu vilivyovunjika, na mbwa wawili safi, wamelowa, wametulia mlangoni mwa hema.

Nilimwambia mgeni nilichokiona. Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. “Mama, wangu wamefundishwa,” akasema. “Wametoka kuogelea. Mtazame huyo miguu.” Sitasema alidanganya. Alikuwa nyuma ya hema na chai yake, hakuona. Alisema asichokijua, na kwangu mimi hiyo iliuma vile vile.

Mfinyanzi alikuja, akatazama, akakaa chini. Hakulia. Aliniambia baadaye kwamba udongo mbichi unalowekwa na kufinyangwa tena, udongo haupotei, ila wiki zake za kazi ndizo zimekwenda na gulio hatalipata. Mtu mwingine ndiye aliyemwita mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akaja na mgambo, na mgambo akaja na rungu.

Wakakaa kwenye banda letu la kupikia. Baba mkwe naye akaitwa, kwa kuwa ardhi hii ni yake. Alipoingia yeye, mimi ikabidi nitoke. Nikaenda nyuma ya ukuta wa matete wa jiko langu, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikawa nasikia kila kitu na hakuna anayeniona. Kesi ilikuwa inahusu mbwa wangu, shahidi aliyeona ni mimi, jiko ni langu, hata chai waliyokunywa niliichemsha mimi. Na mimi nilikuwa nje.

Mwenyekiti alianza kwa kumwomba mgeni radhi. Akasema yeye alishatangaza tangu mwezi wa sita kwamba mbwa wafungwe, kwa sababu wageni wanawaogopa. Hilo ni kweli, alitangaza, na sisi hatukumfunga. Akasema mbwa anayezurura akishaanza kuharibu mali za watu haachi, leo vyungu, kesho kuku, kesho kutwa mtoto. Mgeni akasema kwao mbwa koko wa namna hii wanaondolewa mapema, kabla hawajaleta kichaa. Alisema bila ukali, kama mtu anayesaidia. Mwenyekiti akamwambia mgambo ampeleke mbwa wetu nyuma ya miti ya kakao, na iwe imekwisha kabla wageni hawajakaa kula chakula cha mchana.

Nilisikia mgambo akijipigapiga rungu kwenye mguu wa suruali.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayebeba maneno yangu kukiwa na jambo kama hili. Nikamwita kwa mkono. Nikamwambia, nenda useme hivi: waliovunja ni wale wawili wenye mikanda, niliwaona kwa macho yangu, wetu alikuja mwisho na amevunja kimoja kidogo. Nilimwambia ayarudie ili asikosee. Akaniambia sawasawa. Akaenda.

Nikamsikia, sauti laini kama ya kanisani: “Wifi anasema mbwa wote walikuwa wanacheza. Hakuona vizuri sana, kulikuwa na upepo.”

Niliuma kanga. Aliporudi nilimshika mkono, nikamuuliza mimi nilisema nini.

“Wifi, tulia,” akaninong’oneza. “Huyu atarudi Desemba na wenzake wa ofisini. Mbwa tutapata mwingine.”

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Wifi si mtu mbaya. Wageni ndio wanaolipa ada ya mwanangu, na yeye anajua. Labda alikuwa na akili kunizidi. Lakini uso wangu ulikuwa unawaka. Mtu akikutuma maneno ya moto usifikishe majivu.

Na kulikuwa na mtu mwingine aliyeona. Alikuwa amekaa pale pale mbele yao, kimya, na nilijua kwamba ameona, kwa kuwa mtumbwi wake ulikuwa umeelekea vyungu kabisa. Kwa nini hasemi? Nilimkasirikia mzee wa watu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ili aseme aliona, ingebidi aseme mbele ya mtu wa ofisini kwamba yeye na mvi zake alikuwa amelala kifudifudi mchangani akimkwepa mwanamke mwenye ndoo.

Mbwa alinifuata mwenyewe nyuma ya ukuta. Kamba ya mgambo ilikuwa tayari shingoni mwake, inaburuta. Akaweka kidevu kwenye goti langu, kama alivyokuwa akifanya kwa mama. Sikupanga. Ningesema nilipanga ningekuwa najisifu. Nilimshika masikio yote mawili, lililosimama na lililolala, nikaanza kusema naye kwa sauti ya kuitia mtu ng’ambo ya mto. Nikasema kwa Kiswahili ili mgeni naye asikie, na mbwa yule hajawahi kusemeshwa Kiswahili maisha yake yote. Alinitazama kama mimi ni mtu mgeni.

“Wewe mbwa, nisikilize. Kile chungu kidogo cha mboga umekivunja wewe. Nimekuona, usinipungie mkia. Lakini vile vikubwa hukuvunja wewe. Wamevunja wale wenye mikanda, walikuwa wanamfukuza kunguru, halafu wakaenda kuoga. Wewe umebaki na matope kwa sababu ni mwoga wa maji. Ungekuwa na akili ungeoga na wewe.”

Nikaendelea, maana nikiacha nisingeweza kuanza tena.

“Na kulikuwa na mtu mzima aliyeona. Mimi simtaji, wala simjui alikuwa wapi. Kama ana neno, akuambie wewe mwenyewe. Mimi simo.”

Mgeni akauliza ni nani huyo anayezungumza. Mwenyekiti akasema ni mwenye mji, anazungumza na mbwa wake. “Aje basi aseme hapa,” mgeni akasema. Mwenyekiti akamjibu kwamba hawezi. “Hawezi kwa nini?” Mwenyekiti akakohoa, akamweleza kwa kifupi habari za mkwe. Mgeni akacheka kidogo. Sikukipenda kicheko kile, ila nadhani hata mimi nikipelekwa kwao kuna mambo nitayacheka.

Halafu nikasikia mluzi. Ni mluzi wa baba mkwe, anaoutumia kumwita mbwa akitoka kuvua. Mbwa akaniacha, akazunguka ukuta, akampita mgambo akiburuta kamba, akaenda kukaa mbele ya mzee. Haya nimesimuliwa na wifi, mimi nilikuwa naona kwenye upenyo tu, na nikaona miguu.

Mzee Kiswahili chake ni cha gulioni, cha kuuzia samaki. Akamwambia mbwa, polepole, “Mbwa. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimelala chini, kwa sababu njia ilikuwa na mwenyewe. Mchanga umeniingia sikioni, mpaka sasa hivi umo.”

Watu wakaanza kucheka, hata mfinyanzi. Mzee hakucheka.

“Wameanza wale wawili. Wamepita, wamerudi. Wewe ulikuwa wa tatu, umekanyaga kimoja. Aliyekuambia, amekuambia sawa.” Akamvua ile kamba, akamrudishia mgambo mkononi. “Nenda zako.”

Mbwa hakwenda. Alikaa.

Basi, hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, wala si pale mwanzo. Dakika chache kabla, adhabu ya vyungu ilikuwa rungu nyuma ya kakao. Hakuna aliyeuliza kama imezidi. Ilipojulikana wenye makosa ni kina nani, adhabu ikageuka ikaitwa bahati mbaya. Mwenyekiti mwenyewe alisema, “Ni bahati mbaya tu, wanyama hawana akili.” Sikutaka mbwa wa mgeni waguswe, sijui ningefanya nini kuzuia kama wangeguswa, maana niliwapikia kwa mikono yangu na mmoja aliniramba. Nilitaka tu mtu mmoja aseme kwamba kile kilichotaka kufanywa hakikuwa sawa. Hakuna aliyesema. Mgambo alikwenda kunywa maji.

Mgeni akasema haya, kama mzee ameona basi ameona. Hakuomba radhi kwangu. Alikwenda pembeni na mfinyanzi wakaelewana, sikuuliza wameelewanaje, lakini mfinyanzi aliniambia hana neno naye. Na mke wa mgeni, ambaye tangu jana sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya salamu, alivua saa, akakunja mikono ya gauni, akabeba vipande vyote pamoja na mfinyanzi mpaka kwenye shimo la kulowekea. Alirudi na udongo mpaka kwenye viwiko. Aliponipita akasema, “Ndaga, mama.” Nani alimfundisha asante ya kwetu sijui. Nikamjibu ndaga fijo, na nilimaanisha.

Walikunja hema wakaondoka alasiri, ingawa walikuwa walale mpaka kesho. Mbwa wao walipanda gari wenyewe, wakakaa kwenye viti. Kabla hajaondoka mwenyekiti alitoa amri moja, kwamba mbwa wetu kuanzia leo afungwe. Nimemfunga kwenye nguzo ya banda. Anazungushazungusha kamba mpaka inakuwa fupi, halafu ananitazama. Wale waliovunja wako Kyela kwenye baraza lao, naye aliyekuja kubweka ndiye aliye kwenye kamba. Nimeandika hivyo nikafuta, kwa sababu amri ya kufunga ilikuwepo kabla ya yote haya. Halafu nimeandika tena.

Sina hakika kama nimeivunja heshima au sikuivunja. Nilisema na mbwa, na mzee alisema na mbwa. Lakini najua niliyekuwa nasema naye, naye anajua. Nilimpigia mume wangu simu nikamweleza. Alicheka sana, halafu akauliza kama baba amekula.

Jua linazama wifi alikuja na samaki, mbasa mzima amefungwa kwenye jani la mgomba, akamweka kizingitini. Nilikuwa sijamsamehe, nikaendelea kupepeta mchele.

“Ametoka kwa mwenyewe,” akasema. “Kichwa ni cha mbwa, amesisitiza. Na anasema siku nyingine ukienda maji ukohoe kutokea mbali, apate muda wa kuinuka.”

Nikajitahidi nisicheke, nikashindwa, naye akacheka, akachukua kisu akaanza kuparua magamba bila kuombwa. Tulimchemsha kwa nyanya na ndimu. Jioni tumekula wali na mbasa, mimi, wifi na mwanangu, mfinyanzi tukamfunikia sahani yake, mkia na mchuzi vikapelekwa kwa mzee, na kichwa amekula mbwa pale pale alipofungwa.